Moshi wa Tembe, Vumbi la Kiangazi: Kifua katika Historia ya Mpwapwa

Mpwapwa iko chini ya milima ya Kiboriani, mashariki mwa Mkoa wa Dodoma, pale milima ya Rubeho inapoishia na nyika ya Ugogo inapoanza. Mvua hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi inayobaki ni ya kiangazi, upepo wa kusini-mashariki na visulisuli vinavyozunguka mashambani. Katika nchi ya namna hii hewa anayovuta mtu imetawaliwa kwa muda mrefu na vitu viwili: moshi wa kuni ndani ya nyumba na vumbi nje yake. Historia ya maradhi sugu ya mapafu Mpwapwa, yaani pumu, mkamba sugu na ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, haitenganishwi na vitu hivyo viwili, wala na jinsi nyumba, kuni na ardhi zilivyobadilika tangu zama za misafara.

Katika karne ya 19 Mpwapwa ilijulikana kwa maji yake. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipumzika hapa kabla ya kuingia Marenga Mkali, nyika yenye maji machache na ya chumvi. Iliyorudi pwani ilifika hapa ikiwa na kiu. Stanley alipita mwaka 1871 akimtafuta Livingstone. Wamisionari wa Kianglikana wa Church Missionary Society walikuja mwishoni mwa miaka ya 1870, pamoja nao daktari Edward Baxter. Mwaka 1887 kampuni ya Wajerumani iliweka kituo, wapiganaji wa Abushiri, kiongozi wa upinzani wa pwani, wakakivunja mwaka 1889, na mwaka huohuo kamanda wa Kijerumani Wissmann akajenga ngome. Reli ya Kati ilipofika Dodoma mwaka 1910 haikuingia Mpwapwa mjini. Ilipita Gulwe, na mji ukabaki pembeni ya njia ambayo hapo awali ulikuwa kitovu chake. Wasafiri hao wote, tangu Burton aliyepita Ugogo mwaka 1857, waliandika juu ya jambo moja ambalo halikuwahi kuonekana pwani: nyumba ya tembe.

Tembe ilijengwa kwa nguzo na fito zilizokandikwa udongo, na paa lake lilikuwa bapa: boriti, juu yake matawi na mabua, kisha udongo ulioshindiliwa. Vyumba vilipangwa kuzunguka ua ambamo ng'ombe walilala usiku. Ilikuwa nyumba iliyoielewa nchi yake. Nyasi ndefu za kuezekea ni chache Ugogo, na mvua ni haba kiasi kwamba paa la udongo huvumilia. Adui hawezi kulichoma kwa urahisi, upepo mkali haulibebi, jua la mchana haliupenyi udongo haraka. Usiku wa Juni na Julai, baridi ya nyanda za juu inapoingia, kuta hizo nene hutunza joto la moto na la ndama na mbuzi waliolala ndani pamoja na watu.

Kilichokosekana ni njia ya moshi. Mlango ulikuwa mfupi, madirisha hayakuwepo au yalikuwa matundu madogo tu, na paa la udongo halikupitisha kitu. Paa la nyasi huvuja moshi polepole kati ya manyasi yake. La tembe huuzuia. Moshi ulijaa kuanzia juu ukashuka, na mwenye kuingia aliinama ili macho na pua vibaki chini ya utando wake. Boriti ziling'aa kwa masizi meusi kama lami. Watu hawakuuvumilia moshi huo kwa kutojua. Ulikuwa na kazi zake: uliwafukuza mbu na nzi, ulizuia mchwa wasile nguzo, na masuke ya mbegu yaliyotundikwa juu ya mafiga yalipona fukusi hadi msimu wa kupanda. Nyumba isiyo na moshi ilikuwa nyumba inayooza. Yeyote aliyekuja baadaye kuwahimiza wanawake wa Ugogo watoboe madirisha alipaswa kwanza kuwaambia mbegu zitahifadhiwa wapi, na wengi waliokuja hawakufikiri juu ya hilo.

Mzigo wa moshi haukugawanyika sawa. Wanaume walikaa uani au machungani na ng'ombe. Mwanamke ndiye aliyepiga magoti mbele ya mafiga matatu, akichochea, akipuliza makaa, uso ukiwa juu ya chungu wakati wa kusonga ugali wa uwele, mtoto mchanga mgongoni. Masika yalikuwa mabaya zaidi: kuni mbichi au zilizolowa huungua kwa moto mdogo na moshi mwingi, na mvua hairuhusu kupika nje. Kuni zilipopungua kulikuwa na mabua ya mtama na uwele, yanayowaka upesi, yanayotaka kulishwa kila dakika na yasiyomruhusu mpishi kuondoka motoni. Msichana alianza kazi hiyo akiwa na miaka saba au minane. Akifika umri wa bibi, alikuwa amekaa kwenye moshi saa kadhaa kila siku kwa miongo mitano.

Kinachotokea ndani ya kifua katika miaka hiyo kinaeleweka vizuri sasa. Moshi wa kuni una chembe ndogo sana; zile zenye kipenyo kisichozidi maikromita 2.5, mara 20 na zaidi ndogo kuliko unene wa unywele, hazinaswi puani wala kooni bali hushuka hadi kwenye vifuko vya hewa. Njia za hewa zimetandikwa vinyweleo vinavyosukuma uchafu juu pamoja na makohozi. Moshi wa kila siku huvidhoofisha vinyweleo hivyo na kuzichochea tezi zitoe makohozi zaidi, kwa hiyo uchafu huongezeka wakati uwezo wa kuutoa unapungua. Kuta za njia za hewa huvimba, hupona kwa kovu, huvimba tena. Baada ya miaka njia zimekuwa nyembamba na ngumu, na hewa iliyoingia haitoki yote. Wanaougua kwa sababu ya moshi wa kuni huathirika zaidi kwenye njia za hewa kuliko kwenye vifuko vyenyewe, tofauti kidogo na mvutaji wa sigara ambaye vifuko vyake huharibika na kutanuka. Mgonjwa hana haja ya kuijua tofauti hiyo. Anachokijua ni kwamba kilima alichokuwa akikipanda na ndoo ya maji kichwani sasa kinamtaka apumzike mara tatu.

Kulikuwa na vumbi jingine ndani ya tembe lisilotajwa mara nyingi: la jiwe la kusagia. Kabla ya mashine za kusaga kuenea vijijini, unga wa uwele na mtama ulisagwa kwa jiwe juu ya jiwe, mwanamke akiwa amepiga magoti na kuinama mbele. Kila msago hutoa, pamoja na unga, vumbi jembamba la mwamba. Mwaka 1991 madaktari wa Afrika Kusini walieleza ugonjwa wa mapafu waliouona kwa wanawake wa vijijini Transkei ambao hawakuwahi kuingia mgodini, lakini picha zao za eksirei zilifanana na za wachimbaji. Chanzo walichokitaja kilikuwa mchanganyiko wa moshi wa nyumbani na vumbi la mawe ya kusagia mahindi. Kazi hizo mbili, kupika na kusaga, katika chumba kimoja chenye giza, ndizo zilizokuwa maisha ya mwanamke wa Ugogo kwa vizazi. Mashine ya dizeli ilipofika kijijini ilisifiwa kwa kupunguza uchovu wa mikono na mgongo. Huenda mapafu nayo yalifaidika bila mtu kuhesabu.

Nje ya nyumba, historia ya vumbi ni historia ya ardhi. Wajerumani walianzisha Mpwapwa kituo cha utafiti wa mifugo mwaka 1905, na chini ya Waingereza kituo hicho kikapanua kazi zake hadi kwenye malisho na udongo. Katika miaka ya 1930 mtaalamu R. R. Staples alipima pale, katika vipande vya ardhi vilivyozungushiwa kingo, maji na udongo unaochukuliwa na mvua. Matokeo yake yananukuliwa hadi leo. Kwenye kichaka kisicholishwa mifugo karibu mvua yote iliingia ardhini na udongo haukuondoka. Kwenye shamba la uwele takriban robo ya mvua ilitiririka. Kwenye ardhi tupu nusu ya mvua ilikwenda zake, na udongo uliopotea kwa mwaka ulikuwa takriban tani 146 kwa hekta. Staples alipima kinachobebwa na maji. Ardhi hiyohiyo tupu, ikikauka kuanzia Juni, ndiyo upepo unayoiinua.

Kisha ukaja mpango wa karanga. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilichagua Kongwa, wakati huo sehemu ya Wilaya ya Mpwapwa, kuwa mahali pa kwanza pa kulima karanga kwa kiwango ambacho Afrika haikuwahi kukiona. Makadirio ya awali yalizungumzia zaidi ya ekari milioni tatu Tanganyika nzima na nchi jirani. Matingatinga na vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa matrekta viliingia vichakani kung'oa miti na mizizi. Udongo wa Kongwa wenye mfinyanzi uligeuka mgumu kama saruji mvua zilipokatika, ukavunja majembe, na uliposagwa na magurudumu ukawa unga. Mpango ulifutwa mwaka 1951 baada ya kupoteza takriban pauni milioni 36. Vichaka vilivyong'olewa, vile ambavyo majaribio ya Mpwapwa yalikuwa yameonyesha miaka kumi na kitu kabla kuwa ndivyo vinavyoshika ardhi, havikurudi kwa siku moja.

Vumbi la shambani na la barabara ya changarawe lina chembe kubwa zaidi kuliko moshi, na sehemu yake kubwa huishia puani na kooni. Kwa mtu mzima wa afya ni kikohozi na macho mekundu. Kwa mwenye pumu au njia za hewa zilizokwisha kuwa nyembamba, siku ya upepo inatosha kumweka kitandani, na chembe ndogo zilizo ndani ya vumbi hilo hufika kulekule chembe za moshi zinakofika. Baadaye wachimbaji wadogo nao walipata vumbi lao: rubi ziligunduliwa Winza, kusini-magharibi ya mji wa Mpwapwa, miaka ya 2007 na 2008, na maelfu ya watu wakakimbilia mashimo.

Hospitali kwa muda mrefu zilikiangalia kifua kwa jicho moja, la kifua kikuu. Sababu ipo: kilikuwa kinaua. Kibong'oto, mkoani Kilimanjaro, ilianza kuhudumia wagonjwa wa kifua kikuu mwaka 1926, enzi ambayo tiba ilikuwa mapumziko, chakula na hewa safi. Dawa zilipopatikana, Tanzania ikawa mfano kwa dunia: mpango wa taifa ulioanzishwa mwaka 1977, ukisaidiwa na Mholanzi Karel Styblo, ulionyesha kuwa nchi maskini inaweza kuwafuatilia wagonjwa wilaya kwa wilaya hadi wapone, na mbinu zake zikachukuliwa na Shirika la Afya Duniani. Ni mafanikio makubwa, yasiyopaswa kupunguzwa. Lakini mfumo huo ulijengwa juu ya swali moja, kama makohozi yana bakteria au hayana. Bibi wa miaka 60 aliyekohoa kwa miaka kumi, makohozi yake yakapimwa yakaonekana safi, alipewa antibiotiki akarudi nyumbani kwenye mafiga yaleyale. Aliyepona kifua kikuu alihesabiwa amepona, ingawa makovu yaliyobaki mapafuni yalimfanya awe dhaifu zaidi mbele ya moshi kuliko jirani yake.

Nyumba zenyewe zilibadilika ghafla. Operesheni Dodoma, iliyoanza mwaka 1971, ilikuwa miongoni mwa operesheni za kwanza za kuhamishia watu katika vijiji vya ujamaa, na Wagogo wengi waliacha kaya zao zilizotawanyika. Tembe ilihesabiwa kuwa alama ya umaskini. Nyumba bora ilikuwa ya matofali, yenye madirisha na baadaye bati. Kwa mapafu badiliko hilo lilikuwa na faida ya kweli. Jiko lilianza kutengwa, kibanda cha kupikia kikajengwa uani, na mgonjwa au mtoto aliyelala chumba kikuu hakulala tena ndani ya moshi. Mpishi, hata hivyo, aliufuata moshi hadi kibandani, na kibanda cha matofali mabichi chenye mlango mmoja hakimpi hewa nyingi zaidi kuliko tembe. Pia watu wengi walipokusanywa mahali pamoja, miti ya karibu iliisha upesi. Mzigo wa kuni ukaanza kutoka mbali zaidi, na pale ulipokosekana mabua yakarudi motoni.

Ndipo majiko sanifu yalipoingia, na hapa pana jambo linaloeleza mengi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973 kwa msaada wa Sweden, ukafanya kazi Kondoa, Mpwapwa na sehemu nyingine za mkoa: makinga maji, upandaji miti, kuzuia mifugo maeneo yaliyochakaa. Majiko ya udongo yaliyoenezwa Afrika Mashariki katika miaka ya 1980 yalitetewa kwa hoja hiyohiyo ya miti. Sifa ya jiko ilikuwa kuni linazookoa. Mapafu ya anayelichochea yalitajwa mwishoni, kama yalitajwa. Jiko lililofungwa ili lile kuni chache lakini lisilo na dohani linaweza kubana hewa ya moto na kutoa moshi usiopungua. Laiti kipimo cha jiko bora kingewekwa tangu mwanzo kuwa hewa iliyobaki chumbani, majiko mengi ya wakati ule yasingeitwa bora.

Mkaa ulileta udanganyifu wa aina nyingine. Uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamishia makao makuu Dodoma, uliotekelezwa kwa nguvu kuanzia 2016, umekuza mji unaopika kwa magunia yanayotoka wilaya za jirani. Jiko la mkaa halionyeshi moshi, lakini hutoa hewa ya kaboni monoksidi isiyoonekana wala kunusika, ambayo hushika damu mahali pa oksijeni. Mtu ambaye mapafu yake tayari yanampa oksijeni pungufu ndiye anayedhurika mapema katika chumba kilichofungwa. Na moshi wa kuni zilizogeuzwa mkaa haukupotea. Ulibaki porini kwenye tanuri, kwa mchomaji anayelilinda usiku na mchana.

Vipimo vya Afrika Mashariki vilianza kukusanyika taratibu. Mwaka 2001 Majid Ezzati na Daniel Kammen walichapisha utafiti wao wa Laikipia, Kenya, uliofuatilia moshi nyumba kwa nyumba na kuonyesha kwamba maradhi ya njia ya hewa huongezeka kadiri mtu anavyovuta moshi zaidi. Mwaka 2007 ulifuata utafiti wa moshi wa majumbani Bagamoyo. Masindi, Uganda, mwaka 2015, watafiti waliwapima pumzi watu wa miaka 30 na kuendelea wakakuta asilimia 16.2 wana ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, wengi wao wakiwa vijana kuliko ilivyotarajiwa. Utafiti wa kijijini Tanzania uliotoka mwaka 2018 ulipata asilimia 17.5. Katika nchi tajiri, zaidi ya asilimia 70 ya ugonjwa huu hutokana na tumbaku. Katika nchi maskini na za kipato cha kati tumbaku huchangia asilimia 30 hadi 40 tu, na moshi wa majumbani una fungu kubwa. Dalili zilizochukuliwa kuwa za uzee zilikuwa ugonjwa unaopimika.

Kwa aliyekwisha kuugua, moshi haufanyi kazi ya miaka tu bali ya saa. Njia zake za hewa hazina nafasi ya akiba: uvimbe mdogo ambao mwingine hauhisi humwongezea hewa iliyokwama, kifua hubana, anapumua kwa mabega, sentensi haikamiliki kwa pumzi moja. Makohozi yakiwa mengi, maambukizi hufuata kwa siku chache. Kila anapozidiwa namna hiyo mapafu hupoteza kidogo ambacho hakirudi chote, na moyo unaosukuma damu katika mapafu magumu huchoka hadi miguu ikavimba. Dawa ya kuvuta hufungua njia kwa muda. Haizuii moshi wa jioni. Kipimo cha spirometa, ambacho mgonjwa hupuliza kwa nguvu ili ijulikane hewa inatoka upesi kiasi gani, hupatikana zaidi hospitali kubwa, kwa hiyo wengi hutibiwa pumu au nimonia mara kwa mara bila ugonjwa wenyewe kutajwa.

Umeme wa vijijini, uliosukumwa na Wakala wa Nishati Vijijini tangu 2007, pamoja na taa za sola, uliondoa chanzo kimoja kilichodharauliwa: kibatari, ambacho utambi wake wa mafuta ya taa uliwaacha wanafunzi na masizi puani. Jikoni mambo ni mazito zaidi. Jaribio kubwa la majiko yaliyoboreshwa nchini Malawi, lililochapishwa mwaka 2017, halikupunguza nimonia ya watoto. Moshi wa takataka zinazochomwa, wa majirani na wa mafiga ambayo bado yalitumika ulibaki hewani. Kwa upande mwingine, Xuanwei nchini China, kaya zilizoweka majiko yenye dohani zilionekana kupata ugonjwa sugu wa mapafu kwa kiwango cha chini baada ya miaka. Kinacholeta tofauti ni kiasi cha moshi kinachoondoka kweli.

Tarehe 8 Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kufikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Safari hii afya imetajwa mbele: serikali imekadiria kuwa zaidi ya watu 33,000 hufa kila mwaka nchini kwa maradhi yatokanayo na moshi wa kupikia. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zimetakiwa kuachana na kuni na mkaa, na mitungi ya gesi ya kilo sita imeuzwa kwa ruzuku. Vijijini mtungi huo kwa kawaida huchemsha chai na kupasha mboga. Maharage, makande na ugali wa watu wengi hubaki juu ya mafiga, kwa sababu kuni zinaokotwa na gesi inanunuliwa.